Kona, uwanja wazi au chumba cha pembeni: mpangilio upi kwa darasa la awali la watoto wote?

Anayepanga darasa la awali litakalopokea watoto wote, wanaotembea na wanaotambaa, wanaosema kwa kinywa na wanaosema kwa mikono, wanaopenda kelele na wanaozikimbia, hufika mahali ambapo picha nzuri za madarasa hazimsaidii tena. Kuta hazisogei, na lazima aamue. Agawe chumba kwa kona za kudumu? Aache katikati wazi, samani zihamishwe kila shughuli inapobadilika? Au atenge chumba kidogo cha pembeni kwa mtoto anayehitaji utulivu ama msaada wa karibu?

Mipangilio hii mitatu yote ina walimu wanaoitetea kwa moyo, na wote wana sababu. Kinachotofautiana ni watoto waliopo, watu wazima waliopo na chumba kilichopo. Nimeipitisha yote katika vipimo vitano vilevile.

## Vipimo vitano

Ronald Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyeugua polio utotoni na kutumia kiti cha magurudumu, ndiye aliyeeneza wazo la usanifu kwa wote: kitu kibuniwe tangu mwanzo ili watu wengi iwezekanavyo wakitumie, badala ya kujengwa kwa ajili ya baadhi kisha kubandikwa marekebisho. Mwaka 1997 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walichapisha kanuni saba za wazo hilo. Vipimo vyangu vimechota humo, ila nimevishusha hadi kwenye kimo cha mtoto wa miaka minne.

Kufika. Mtoto afike kila panapochezewa kwa mwili alionao, bila kubebwa. Viwango vya Marekani vya majengo yanayofikika hutaka mlango uache uwazi wa sentimita 81.5, na kiti cha magurudumu kipate nafasi ya duara la mita 1.5 hivi ili kigeuke. Viti vya watoto ni vidogo, lakini mtoto anakua, na mzazi au mwalimu anayetumia kiti cha magurudumu naye huingia darasani. Mteremko unaotakiwa ni wa 1 kwa 12, yaani kizingiti cha sentimita 10 kinadai mteremko wenye urefu wa sentimita 120. Wengi huegesha kibao kifupi mlangoni wakaona kazi imekwisha, na mtoto hashindi mwinuko ule mpaka asukumwe. Tena kufika si suala la magurudumu tu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji kiti ambacho akikikalia nyayo zake zinakanyaga chini sawasawa. Miguu inayoning'inia huchosha mwili mzima, na mkono uliotakiwa kushika kalamu huishia kushikilia meza asianguke.

Kusikia na kuona. Kiwango cha Marekani cha sauti madarasani kinataka chumba kikiwa kitupu kisiwe na kelele zaidi ya desibeli 35, na katika chumba cha ukubwa wa kawaida mwangwi uishe ndani ya sekunde 0.6. Ni shule chache zitakazopima hivyo, lakini sababu yake inamhusu kila mwalimu: mtoto mdogo bado hana maneno ya kutosha ya kujazia yale ambayo hakuyasikia. Mtu mzima akikosa neno moja hulikisia, mtoto hupotea. Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza kelele pamoja na maneno. Na watoto wengi wa umri huu hupata majimaji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua, wakasikia kwa shida kwa wiki kadhaa bila mtu kujua. Kwa upande wa macho, uso wa mwalimu uwe kwenye mwanga, usigeuke kivuli mbele ya dirisha. Kingo za rafu na meza zitofautiane na sakafu kwa rangi iliyo wazi. Alama zisitegemee rangi peke yake, maana kuna watoto, hasa wavulana, ambao nyekundu na kijani kwao hazitofautiani.

Kutabirika. Mtoto ajue kitu kipi kiko wapi na kipi kinafuata. Asiyeona anahitaji vitu vibaki mahali pake. Mwenye usonji anahitaji kuona mwanzo na mwisho wa shughuli. Mgeni wa wiki ya kwanza anahitaji yote mawili.

Kutoka na kurudi. Hiki ndicho ninachokipa uzito mkubwa, na ndicho kinachosahaulika mara nyingi. Kila mtoto mdogo kuna wakati huzidiwa, mwenye ulemavu na asiye nao. Walimu wengi hujiuliza swali la kwanza: ana pa kukimbilia? Swali la pili halipati nafasi: atarudije? Mchezo wa watoto haumsubiri mtu. Anayerudi baada ya dakika kumi hukuta yule wa kuwa mama ameshapatikana, mnara umeshajengwa, sheria zimeshabadilika. Akiwa ametulia mahali anapoweza kuutazama mchezo, akasogea kidogo kidogo kwa wakati wake, ataingia. Akirudishwa kwa kushikwa mkono na mtu mzima, wote wakimtazama, atarudi kama mgeni, na baada ya muda ataacha kurudi.

Mzigo wa mwalimu. Nani anaona nini, nani anasogeza nini, na mpangilio unadai watu wazima wangapi.

## Darasa la kona

Rafu fupi, ambazo mwalimu akisimama anaona juu yake, hugawa chumba katika sehemu za kudumu: matofali ya kujengea, vitabu, mchanga na maji, maigizo, kuchora, na kona ya utulivu. Samani za kimo cha mtoto na rafu wazi anazozifikia mwenyewe zilienezwa sana na Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Rome mwaka 1907. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili, na vifaa alivyovitumia kwao ndivyo alivyovipeleka kwa watoto wengine. Kwa hiyo rafu fupi tunayoiona leo ya kawaida kabisa ilienezwa na mtu aliyeanzia kwa watoto ambao wengine walidhani hawafundishiki.

Kufika. Hapa ndipo kona zinapoyumba. Rafu hula sakafu, na kona yenye mlango mmoja mwembamba humlazimu mtoto wa kiti cha magurudumu atoke kinyumenyume. Akishafanyiwa hivyo mara kadhaa hachagui tena kona ile, na mwalimu huandika kwamba mtoto hapendi matofali. Dawa ni kupunguza idadi: kona nne pana ni bora kuliko saba za kubanana. Kila kona ipewe milango miwili pale inapowezekana. Kingo za mazulia zigandishwe sakafuni, kwa kuwa hukamata magurudumu, fimbo nyeupe na vidole vya mtoto anayeburuta mguu.

Kusikia na kuona. Watoto wanne kwenye kona husikilizana vizuri kwa sababu wako karibu, na rafu zilizojaa vitabu na vitambaa hupunguza mwangwi kiasi. Ujirani wa kona ndio wa kuangalia. Vitabu visikae ubavuni mwa matofali. Kwa mtoto kiziwi, rafu ni ukuta wa macho: akiwa kona ya mchanga haoni kwamba wenzake wameshaitwa kwenye duara. Taa inayowashwa na kuzimwa kama ishara ya kukusanyika humsaidia, mradi iwe inaonekana kutoka kila kona na darasa halina mtoto ambaye kifafa chake huchochewa na mwanga unaomweka.

Kutabirika. Katika hili darasa la kona lina nguvu kubwa. Mbinu ya TEACCH, iliyokuzwa na Eric Schopler na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina kwa ajili ya watoto wenye usonji, imejengwa juu ya mambo haya hasa: mipaka inayoonekana, ratiba ya picha, na kila shughuli mahali pake. Ratiba ya picha haimnufaishi mwenye usonji peke yake. Kila asiyejua kusoma ataifuata, na katika darasa la awali hao ni karibu wote. Asiyeona awekewe alama ya kugusa kwenye mlango wa kila kona: kipande cha kitambaa kwa maigizo, tofali dogo kwa ujenzi. Karibu yake pawekwe jina la kona kwa nukta nundu, ili alizoee kabla hajaanza kulisoma.

Kutoka na kurudi. Kona ya utulivu iko ndani ya chumba, kwa hiyo mtoto hutoka kwenye mchezo bila kutoka darasani. Akichungulia juu ya mto anaona wenzake wamefika wapi. Sharti ni moja, na halina mjadala: kona hiyo isitumike kamwe kwa adhabu. Siku mtoto mmoja atakapoambiwa aende kukaa pale kwa kuwa amempiga mwenzake, wote watajua ni mahali pa wakosaji, na yule aliyeihitaji kweli hataingia tena kwa hiari.

Mzigo wa mwalimu. Ni mkubwa mwanzoni, mwepesi baadaye. Kona zikishazoeleka watoto hujiendesha, na mwalimu mmoja anaweza kukaa na kikundi kimoja huku akiwaona wengine.

Unawafaa zaidi: watoto wenye usonji, wasioona wakishaijua ramani yake, wanaochelewa kuzungumza na wanaochanganywa na chumba kikubwa. Unawafaa pia walimu walio peke yao.

## Darasa la uwanja wazi

Samani ni nyepesi, nyingi zina magurudumu yenye breki, na vifaa vimewekwa ukutani. Katikati ni wazi. Asubuhi panaweza kuwa duara la hadithi, baadaye meza tatu za kuchora, baadaye pawe pa kuruka na kucheza ngoma.

Kufika. Kati ya mipangilio yote mitatu, huu ndio ulio mwepesi kwa magurudumu, fremu za kutembelea na watoto wanaotambaa. Mtoto hufika moja kwa moja, hahitaji kuzunguka. Anayepanga aangalie zile rafu za ukutani tu: kifaa kinachopendwa kikiwekwa juu, uwanja wote ule haumsaidii aliyekaa chini.

Kusikia na kuona. Kuona ni faida, kusikia ni hasara. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington, kilianza kuandika misingi ya majengo yanayowafaa viziwi, na msingi mkubwa ni kwamba watu waonane: mstari wa macho usikatwe, nafasi itoshe watu wanaoongea kwa lugha ya alama kukaa duara. Uwanja wazi unatoa hilo kwa urahisi. Lakini chumba hichohicho chenye sakafu tupu na kuta ngumu kinavuma. Sauti katika eneo la wazi hupungua kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka mara mbili, hivyo mtoto aliye mita nne kutoka kwa mwalimu anapata sauti hafifu zaidi kuliko aliye mita mbili, huku kelele za wenzake zikimzunguka pande zote. Mwenye kifaa cha kusaidia kusikia ndiye anayeumia kwanza. Mapazia mazito, zulia lililogandishwa, vibao vya kunyonya sauti darini na vifuniko vya mpira kwenye miguu ya viti vinaleta tofauti kubwa kuliko wengi wanavyotarajia. Mwalimu anayechagua uwanja wazi ahesabu vitu hivi kuwa sehemu ya darasa tangu siku ya kwanza.

Kutabirika. Ni udhaifu wake. Asiyeona anajifunza njia ya kwenda kwenye meza, kesho meza haipo. Mwenye usonji anaingia asubuhi akakuta chumba kingine. Kuna namna ya kupunguza hilo: vitu vitatu au vinne visisogezwe kabisa, kama vile mlango, duara la kukaa, sinki na kabati la mtoto mwenyewe, na mabadiliko yatangazwe kwa picha kabla hayajatokea. Watoto wenyewe wakishirikishwa kusogeza samani, mabadiliko huwa tendo lao, hayawaangukii tu. Hata hivyo ni kupunguza, si kuondoa.

Kutoka na kurudi. Kurudi ni rahisi sana, maana hakuna mlango wala ukuta wa kuvuka. Kutoka ndiko kugumu. Mtoto aliyezidiwa katika uwanja wazi hana pa kujificha ila chini ya meza, na huko ndiko atakakoenda. Hema dogo la kitambaa, au sanduku kubwa lililolazwa ubavu upande usio na pilika, linatosha kuwa mahali pake, mradi liwepo kila siku palepale.

Mzigo wa mwalimu. Samani husogezwa na mtu. Katika darasa la watu wazima wawili au watatu hilo ni jambo dogo. Kwa mwalimu mmoja mwenye watoto wengi, dakika za kusogeza ni dakika ambazo hamwoni mtu, na nyakati za kubadili shughuli ndizo ambazo watoto wengi huzidiwa.

Unawafaa zaidi: watoto wa viti vya magurudumu na fremu, wanaojifunza kwa kujongea, na viziwi wanaotumia lugha ya alama. Unazifaa pia shule ambazo chumba kimoja kinatumika kwa mambo mengi.

## Darasa lenye chumba cha pembeni

Kuna chumba kikuu, kona au wazi, na kuna kidogo kinachopakana nacho: cha kutulia, cha mazoezi ya viungo au ya kuzungumza, cha kubadilishia nguo kwa faragha.

Hapa lazima niseme jambo kabla ya vipimo. Ibara ya 24 ya Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2006, inadai elimu jumuishi katika ngazi zote. Mwaka 2016 kamati ya mkataba huo ilifafanua kwamba kuwafundishia watoto wenye ulemavu mahali pao peke yao, mbali na wenzao wasio na ulemavu, ni utengano. Chumba cha pembeni si lazima kiwe utengano, lakini kiko hatua moja tu kutoka huko. Kipimo chake ni matumizi. Ukitazama wiki nzima ukakuta wanaoingia humo ni watoto walewale wawili, darasa lako limegawanyika tayari. Ukikuta kila mtoto ameingia kwa sababu moja au nyingine, mmoja kusikiliza hadithi na rafiki, mwingine kulala kidogo, basi ni chumba cha wote.

Kufika. Mlango wa ziada ni kizuizi cha ziada. Uwe mpana, usiwe na kizingiti, na kitasa kiwe cha kusukuma chini, kisiwe cha duara ambacho mkono dhaifu hauwezi kukizungusha. Kwa mtoto anayehitaji kubadilishwa nepi au mirija akiwa na miaka mitano, faragha hii ni heshima yake, na mipangilio miwili ya kwanza haiitoi vizuri.

Kusikia na kuona. Kwa kazi ya masikio hakuna kinachoshinda chumba kidogo chenye mlango. Mazoezi ya kutamka na ya kusikiliza yanafanyika humo bila kushindana na ngoma.

Kutabirika. Ni wa wastani. Chumba chenyewe hakibadiliki, ila kuitwa huku na huku kunakata siku ya mtoto vipande vipande. Wataalamu wanaokuja kutoa mazoezi waombwe kuyafanya ndani ya mchezo, katika chumba kikuu, kila inapowezekana.

Kutoka na kurudi. Kutoka kumekamilika, labda kupita kiasi. Mlango ukifungwa mchezo unaendelea bila yeye na haoni umefika wapi. Dirisha la ndani lililo kwenye kimo cha mtoto, lenye pazia analolivuta mwenyewe, ndilo rekebisho muhimu kuliko yote katika chumba hiki. Jingine ni kumruhusu aende na mwenzake, kwa sababu wakirudi wawili hurudi na mchezo wao mkononi.

Mzigo wa mwalimu. Ni mkubwa kabisa. Mtoto wa umri huu hakai peke yake chumbani, kwa hiyo lazima kuwe na mtu mzima wa pili kila wakati mlango ule unapotumika. Shule isiyo na mtu huyo hugeuza chumba kuwa stoo, au jambo baya zaidi, humwacha mtoto humo peke yake.

Unawafaa zaidi: watoto wanaozidiwa haraka na sauti kiasi cha kujiumiza, wanaohitaji huduma ya mwili yenye faragha, na shule zenye wataalamu wanaofika mara kwa mara.

## Kulingana na hali yako

Kama uko peke yako na watoto wengi, anza na kona nne pana. Usijenge chumba cha pembeni ambacho hutaweza kukisimamia.

Kama tayari unajua mtoto wa kiti cha magurudumu anakuja, chora njia zake sakafuni kwa chaki kabla hujaweka rafu yoyote, kisha weka samani pembeni mwa mistari hiyo. Huenda ukaishia na uwanja wazi wenye kona mbili, na hilo ni sawa. Mipangilio hii huchanganyika.

Kama una mtoto asiyeona na mwenye kiti cha magurudumu katika darasa moja, mahitaji yao yatagongana: mmoja anataka kingo za kufuata kwa mkono, mwingine anataka uwazi. Weka kona kandokando ya kuta ili rafu ziwe kingo hizo, acha katikati wazi, na usibadilishe kitu bila kumtembeza asiyeona kwanza.

Kama kuna mtoto kiziwi, amua kuhusu mistari ya macho kwanza, na mengine yafuate. Jifunze lugha ya alama pamoja na darasa zima, maana hata chumba kizuri hakitamsaidia akikosa wa kuongea naye.

Kama chumba chako kinavuma, shughulikia sauti kabla ya mpangilio. Hakuna kati ya mitatu hii itakayofanya kazi juu ya mwangwi.

Kama una chumba cha ziada na watu wazima wa kutosha, kitumie, ila kwa wiki mbili za kwanza andika jina la kila anayeingia, na kama alirudi mwenyewe au alirudishwa. Orodha hiyo itakuonyesha kama mlango ubaki au uondolewe.

Na kama huwajui watoto bado, kwa sababu muhula haujaanza, chagua kisichokufunga: rafu fupi zenye breki na kona chache. Wape wiki kadhaa, kisha kaa chini, macho yako yawe kwenye kimo chao, uangalie ni kona ipi ambayo kuna mtoto hajawahi kuifikia. Anza kusogeza hapo.